Primu ya Desemba Inalala mu Mayi

Ndugu wafanyakazi, bamama, na ninyi vijana munangojea jina lenu ku mlango wa kampani: leo hatuongee juu ya mushara. Ao tuseme, tunaongea juu ya mushara, lakini ule umelala chini ya miguu yetu, mu pavema ya nyumba.

Kila mwaka, mbele ya Noeli, primu inatoka mu kampani mingi. Na kila mwaka tunaona picha ileile: makinga na pusupusu zinaingia mu kartie na makartoni ya makaro, mama anatembea nyuma anaangalia isivunjike hata moya, batoto wanakimbia mbele wanafungua njia. Ni furaha, hatukatae. Muntu amefanya kazi miezi kumi na mbili mu vumbi, anataka kuona kitu kinangaa mu nyumba yake. Lakini mu mwezi wa tatu tunapita mu njia ileile, tunakuta makaro yale nje, yamepangwa ku ukuta ao yamevunjika, na ndani tunakanyaga potopoto ya shape.

Sisi ba delege hatuko wasafi mu jambo hili. Kuko mwaka moya, mu kampani moya hatutaitaja, tulikaa ku meza na wakubwa siku tatu. Tukatoka na kitu tuliita ushindi: kila mufanyakazi mwenye nyumba yake apewe makaro ya chumba kimoya pamoja na kole yake. Watu walipiga makofi, sisi pia tulijipigia. Makaro yalitoka mwezi wa kumi na mbili, mvula ikipiga kila siku kisha saa nane. Mwezi wa tatu tukaanza kuitwa. Nyumba ya kwanza, unagonga na kisigino, karo inalia ko, ko, ko, kama sanduku tupu. Nyumba ya pili, makaro mane ya katikati yameinuka yanaegemeana kama hema. Nyumba ya tatu, mama mwenye nyumba hakutugombeza hata kidogo. Alitupa kiti, akasema: “Ba delege, mulitununulia kofia, na sisi tulikuwa hatuna kichwa.” Bwana yake alikuwa posti ya usiku, alilala chumba cha pili, na kikohozi chake tulikisikia mpaka tulipotoka.

Neno lile la mama njo linatufanya tuandike. Tuliomba makaro wakati tulipaswa kuomba kitu kinakaa chini ya makaro. Na tuliomba mu mwezi mubaya. Tuko na makosa mawili, na la pili ndilo kubwa.

Tufanye hesabu ya mvula. Kwetu huku, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, mvula ya kweli inashika mu mwezi wa kumi na moya na inaachilia mu mwezi wa tatu ao wa ine. Lubumbashi inapata karibu milimeta 1.200 kwa mwaka. Milimeta moya ya mvula ni litre moya ya mayi juu ya meta karé moya. Kwa hiyo kila meta karé ya kiwanja chako inapokea mayi ya bidoni 60 za litre 20. Kama manjanja yako yanafunika meta 6 kwa meta 8, ni bidoni karibu 2.900 zinatoka ku paa yako peke yake. Zinaanguka wapi? Kama hauna mufereji wa kupokea, zinaanguka ku muguu wa ukuta, pale pale, miezi mitano. Udongo wetu mwekundu unashika mayi, hauachilie mbio. Kisha mayi yanapanda. Tofali, simenti, mchanga, vyote viko na tundu ndogo ndogo, na mayi yanapanda ndani yake vile petroli inapanda mu utambi wa taa. Ule unga mweupe unaona chini ya ukuta, ile rangi inatoka maganda mpaka urefu wa goti, ni chumvi ya udongo mayi yameibeba, yenyewe yakakauka, chumvi ikabaki. Haiko ulozi, na haiko rangi mubaya. Kupaka rangi ingine juu yake ni kutupa franga.

Sasa fikiri. Mu mwezi wa kumi na mbili udongo umeshiba. Fundi anakuja, anamwaga shape nyembamba juu ya udongo ule ao juu ya pavema ya zamani yenye nyufa, kesho kutwa anabandika makaro juu wewe unataka Bonane ikute nyumba iko tayari. Shape bado mbichi. Shape ikikauka inajikunja kidogo, ni tabia ya simenti yote, lakini karo haijikunje. Kati yao kole inavutwa huku na huku mpaka inaachia. Na chini, ile fungu ya udongo haikupigwa dame inakunywa mayi na inashuka, inaacha tupu chini ya shape. Siku mutoto anaruka, ao siku munaleta frigo, inavunjika. Halafu tunasema makaro ya siku hizi ni mabaya. Kuko makaro mabaya, ndiyo, lakini ile tuliona mu nyumba zile ilikuwa nzuri kabisa. Mingi ilitoka nzima, nyuma safi, hata kole haikuishika.

Na tuongeze jambo moya kuhusu mwezi wa kumi na mbili. Muntu mwenye akili anasema: nitanunua simenti na primu yangu, nitaiweka, nitajenga mu kiangazi. Mawazo mazuri, lakini simenti haipendi kungojea mu nyumba yenye mayi. Mufuko wa karatasi unapitisha unyevu wa hewa. Kisha miezi tatu ine ya mvula, simenti inafanya mabonge ndani, na mabonge yale hayana nguvu tena hata ukiyasaga. Tumeona mifuko kumi imegeuka mawe ya kukalia mu parsele ya rafiki yetu moya. Bado iko pale, watoto wanachezea.

Njo maana tunasema wazi: franga ya nyumba itoke mu mwezi wa tano. Isiwe franga ingine juu ya ile tunapokea. Tunajua hali ya kampani, tunajua jibu watatupa. Tunaomba sehemu ya primu, ao avansi ya kukatwa mu mushara miezi kumi na mbili, itoke wakati mvula imeisha na udongo unaanza kukauka, kwa yule anataka. Mwezi wa tano mpaka wa kenda hakuna mvula. Unafungua pavema, unapiga udongo, unamwaga beto, unaiacha inakauka polepole, na mvula ya mwezi wa kumi na moya inakuta kazi imekwisha. Haiombe kampani hata franga moya zaidi, ni kubadilisha tarehe tu. Na bado kuko wakubwa wanatuambia haiwezekani juu komputa ya malipo imepangwa hivyo.

Ndani ya sendika yetu pia kuko wanaokataa. Wanasema: mufanyakazi anataka franga mukononi, anajua mwenyewe shida zake, sendika isigeuke fundi wa kujenga. Tunawaheshimu, na mu jambo la uhuru wa muntu wako na haki. Njo sababu tunasema kwa yule anataka. Wengine wanasema mu kiangazi simenti inapanda bei, kila muntu anajenga wakati ule. Ni kweli. Lakini wafanyakazi mia mbili wakinunua pamoja ku muuzaji moya, wanaongea naye bei ingine kuliko muntu moya na mifuko kumi. Mambo ya kununua pamoja tunayajua, tulifanya kwa unga wa bukari.

Tuseme sasa kazi yenyewe iko namna gani, juu watu wengi wanadanganywa na mafundi, na mafundi pia wanadanganywa na sisi wenye nyumba tunapokimbiza.

Anza nje. Hatuchoki kusema hivi. Pavema ya ndani inapaswa kuwa juu kuliko udongo wa nje, angalau sentimeta 15 ao 20. Mu kambi za zamani za wachimbaji nyumba zilijengwa vizuri, lakini miaka imepita, njia ya mbele imetengenezwa mara nyingi na kila mara imepanda, udongo umejaa ku kuta, na leo unaingia mu nyumba kwa kushuka. Nyumba ile, hata uweke marbre, mayi yatakuja kulala na wewe. Toa udongo ku muguu wa ukuta, fanya mutelemko mayi yaende mbali, chimba mufereji mudogo mpaka ku njia ya mayi, weka guteri ku manjanja hata ya upande moya, ule mvula inapiga. Kazi hii karibu haina franga, ni nguvu tu, na siku ya repo vijana wawili wanaimaliza. Kuko nyumba zilikauka nusu kwa kazi hii peke yake, hatukugusa ndani.

Ndani, kama unaanza mupya ao kama pavema ya zamani imekufa kabisa, chimba utoe udongo mweusi wenye mizizi na mchwa. Rudisha udongo mwekundu muzuri, mara moya sentimeta 15 tu, piga dame mpaka kisigino kisiache alama, kisha ingine. Usimwage meta nusu mara moya na kupiga juu. Juu inakuwa ngumu, chini inabaki kama mukate. Kisha panga mawe, sentimeta 15 mpaka 20, yamesimama yamekazana. Mawe yale yanaacha hewa kati yake, na mayi hayapandi mbio mu tupu kama yanavyopanda mu udongo. Mwaga mchanga kidogo juu ya mawe ili yasitoboe, halafu tandika plastiki nyeusi nzito, ya mikroni 200. Kipande kikimalika, kile cha pili kipande juu yake sentimeta 20 ao 30, na ku ukuta plastiki ipande mpaka ipite urefu wa pavema. Plastiki ile njo moyo wa kazi yote. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote mu chumba, na njo kitu cha kwanza watu wanaondoa wakati franga inapunguka.

Juu ya plastiki, beto ya sentimeta 8 ao 10. Kwa chumba cha meta 3 kwa meta 4, beto ya sentimeta 8 ni karibu meta kibe moya, inataka mifuko 6 ao 7 ya kilo 50. Shape ya juu, sentimeta 4, ingine 4. Kwa hiyo mifuko 10 ao 11 kwa chumba kimoya. Fundi akikuambia mifuko 5 inatosha chumba chote, ao anataka kukufurahisha, ao pavema itakuwa vumbi mu miaka miwili. Na mayi ya kuchanganya yasizidi. Beto inayotiririka kama supu ni rahisi kusambaza, lakini mayi yale yakitoka yanaacha tundu, na mu tundu ile mayi ya chini yatapita. Mchanga uwe wa mutoni, usafi wake unaupima mukononi: ukisugua na vidole vikabaki na matope, uoshe ao uukatae.

Kuhusu mchanga tusimame kidogo. Kuko watu wanaona mabaki ya usine, ule mchanga muzuri laini wa bure, ao mawe ya remblai ya mugodi, wanasema ni mali ya Mungu, tujaze chini ya pavema. Hapana! Hata mara moya. Mabaki yale yako na metali ndani, kingine kiko na asidi inakula simenti, na unaingiza mu chumba cha mutoto kile kampani inakuambia uvalie maske.

Beto ikiisha kumwagwa, iko na kiu. Mu kiangazi hewa yetu ni kavu, upepo unavuta mayi mbio kuliko simenti inavyoweza kushika, na pavema inapasuka kabla haijazaliwa. Funika na plastiki ao magunia, mwagilia asubuhi na mangaribi siku saba. Tunajua shida ya mayi ya bomba mu kartie zetu. Kama mama anaamka saa tisa ya usiku kutega bidoni mbili, hatapenda kuzimwaga chini. Basi plastiki inasaidia: mwagilia mara moya, funika vizuri, mayi hayakimbie. Na kabla ya kubandika karo, ngojea siku 28. Mwezi muzima. Fundi atacheka. Mwache acheke, yeye hatalala mu nyumba ile.

Sasa, karo ao simenti? Hapa tutakosana na wengi. Sisi tunaona ya kuwa nyumba mingi za wafanyakazi hazihitaji karo mu vyumba vyote. Shape iliyopigwa vizuri, ikalainishwa na simenti kavu ikiwa bado mbichi, inadumu miaka makumi. Mu nyumba za zamani za kambi kuko pavema zilimwagwa mbele hatujazaliwa, zimepakwa sira nyekundu tangu wakati wa bababu zetu, na zinangaa kuliko karo za mwaka jana. Leo vijana wanaona simenti ni alama ya umasikini. Muchumba akija kutembelea, wanaona haya. Hatuwezi kuwashinda mu jambo la haya, lakini franga za karo ya chumba cha kulala zingefanya mufereji, guteri na plastiki ya nyumba yote.

Ukitaka karo, na muntu anaweza kuitaka, weka mu salo, mu jikoni na mu bafu, pale mayi na mafuta yanaanguka. Nunua karo ya chini, usinunue faiansi ya ukuta juu bei yake ni ndogo. Namna ya kuitambua ni hii: geuza karo, mwaga mayi kidogo nyuma. Ile inayokunywa mbio ni ya ukuta. Ile mayi yanakaa juu yake kama juu ya jani la muhogo, ni ngumu, ni ya chini. Ku baraza na mu bafu usichukue ile inayongaa kama kioo. Mvula ikinyesha unaingia na bote, unaanguka, na ajali ya nyumbani hakuna muntu ataiandikia deklarasio. Kole isipigwe vidonge vitano nyuma ya karo, itandikwe yote kwa kitana cha fundi, bila pahali patupu. Acha nafasi kati ya karo na karo, na ku ukuta acha milimeta tano bila kitu, plinti itaifunika. Hapo karo inapata pa kupumulia joto la mwezi wa kumi. Zile zilizoinuka kama hema zilikuwa zimebanwa ukuta kwa ukuta.

Tapi ya plastiki tunaijua wote, inaingia mu nyumba mbio na bei yake inawezekana. Juu ya pavema kavu haina shida. Juu ya pavema yenye mayi ni mufuniko ku chungu: mayi yanapanda, hayapati pa kutokea, chini yake inaota ukungu mweusi, na harufu ile unaingia nayo mpaka mu manguo. Kama uko nayo, inua pembe moya leo uangalie. Mukeka wa manyoya mu chumba cha mutoto mwenye asma, tunaomba sana, toeni. Mbao tunaiacha kwa wenye nyumba za ghorofa. Mchwa wa huku hawana huruma.

Kwa nini sendika ijishughulishe na haya yote? Juu pavema ni jambo la kazi. Mufanyakazi anatoka posti na bote na salopeti zenye vumbi la mugodi. Mutoto wake anatambaa chini, anaweka mukono mu kinywa. Mu pavema ya udongo ao ya simenti iliyooza, vumbi lile linaingia na halitoke tena. Unafagia, linaruka, linashuka palepale. Juu ya pavema ngumu mama anapitisha kitambaa chenye mayi na linaondoka. Watu wa Kolwezi wanajua. Mwaka 2014 mu kartie ya Kasulo watu walikuta kobalti chini ya viwanja vyao, wakachimba mpaka mu vyumba, wakivunja pavema ya nyumba walizokuwa wakilala. Wachunguzi wa chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima pale: vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na metali, na batoto walikuwa na kobalti mingi mu damu na mu mukojo. Hatuseme simenti inamaliza shida ile. Bote zibaki ku mlango, salopeti zioshwe ku kampani, hayo tunadai kila mwaka. Lakini pavema inayooshwa ni sehemu ya dawa.

Kule Meksiko, mu jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 kuwapa watu wenye pavema ya udongo beto ya kumwaga ndani, mpaka meta karé 50 kwa nyumba. Gari ilileta beto, familia yenyewe ilitayarisha chumba na kuitandaza. Waliopima baadaye walikuta batoto wenye minyoo wamepunguka, kuhara kumepunguka, na upungufu wa damu pia. Hakuna karo mu hadisi ile, ni beto tu.

Na sheria? Kodi ya Kazi, sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema juu ya nyumba yenye kustahili kwa mufanyakazi na jamaa yake, ao kama haiko, franga inayotosha mu nafasi yake. Ku biltini ya mushara mustari ule uko. Tunauliza tu: nyumba yenye mayi chini ya kitanda inastahili? Na wenzetu wa sutretansi, wanaofanya kazi ileile mu shimo lileile, mustari ule ku biltini yao mara mingi ni mudogo mpaka unauona kwa miwani. Kama mapatano ya mwezi wa tano yanafanyika bila wao, sisi hatutasaini.

Wapangaji wasituseme tumewasahau. Kama nyumba ni ya kupanga, usiweke karo mu nyumba ya muntu. Fanya mufereji wa nje, ongea na mwenye nyumba juu ya pavema mbele ya jirani moya, andikeni karatasi kwamba mifuko na siku za fundi zitakatwa ku franga ya nyumba, msaini wote wawili. Mwenye nyumba akikataa, weka franga yako.

Kabla ya kukutana na wakubwa tunahitaji hesabu yetu wenyewe. Usiku wa leo chukua kipande cha plastiki, meta moya kila upande, kibandike chini mu chumba cha kulala na skochi pande zote ine, hewa isiingie. Kikae siku moya usiku na muchana, mbili kama unaweza. Kisha kiinue. Kama matone yako chini ya plastiki ao pavema imekuwa nyeusi pale, mayi yanatoka mu udongo. Kama matone yako juu ya plastiki, ni unyevu wa hewa ya ndani, fungua madirisha muchana na usikaushe manguo ndani. Andika kambi ao kartie yako, chumba gani, na ulichokuta. Mulete karatasi ile ku delege wenu mbele ya mwisho wa mwezi, hata bila jina. Tukiingia ku meza tunataka kusema nyumba ngapi ziko na mayi, chumba kwa chumba, na mara hii hatutaomba makaro.